Mwalimu wa tiba kwa vitendo: daktari, fundi au mwanasaikolojia?

Kijiweni kwetu hapa Ngamiani, Tanga, kuna karatasi moja imenywewa kahawa juu yake wiki nzima. Ni ratiba ya masomo. Binti wa jirani yetu amepata nafasi ya kusoma shahada ya tiba kwa vitendo, na baba yake, mzee aliyeanza kutengeneza baiskeli kabla wengi wetu hatujazaliwa, alikwenda stesheneri akaitoa ile ratiba, akaja nayo tumsomee. Tukasoma. Anatomia. Saikolojia ya makuzi. Sosholojia. Utengenezaji wa vifaa saidizi. Kisha walimu: mmoja ni Dk. lakini amesomea saikolojia, mwingine ana uzamili wa afya ya jamii, wa tatu cheo chake ni mhadhiri msaidizi na miaka yake mingi ameitumikia wodini.

"Sasa hapa," mzee akauliza, kidole chenye grisi juu ya karatasi, "daktari ni yupi?"

Majibu hayakukosekana. Mmoja alisema hao ni walimu wa kusuka vikapu, aliwaona zamani kwenye wodi ya wagonjwa wa akili. Mwingine akasema hapana, ni watu wa kutafutia wagonjwa ajira. Wa tatu, ambaye kwa kawaida uhakika wake hutangulia maarifa yake, akatoa hukumu kwamba ni watu waliokosa alama za udaktari. Mzee akakunja karatasi yake, akanitazama mimi. Nikamwahidi kuandika.

Tuanze na jina, maana ndilo lililovuruga mambo. Kiingereza kinaiita fani hii "occupational therapy", na lile neno la mwanzo maana yake ya kwanza masikioni mwa watu ni ajira. Waliolitafsiri haraka wakasema "tiba ya kazi", na msikilizaji akapata picha ya mgonjwa anayepewa jembe. Katika hospitali zetu utasikia zaidi "tiba kwa vitendo", na mimi naipenda hiyo. Kitendo hapa ni chochote kinachomshughulisha mtu tangu anapofumbua macho: kutawadha, kufunga kifungo, kuchota maji, kupanda daladala, kuandika darasani, na kwa mtoto mdogo, kucheza. Mtu akiumwa, akiumia, akizaliwa na ulemavu au akizeeka, baadhi ya vitendo hivyo humponyoka. Mtaalamu wa fani hii kazi yake ni kumrudishia, au kumtafutia njia nyingine ya kuvifanya.

Wengi huichanganya na fiziotherapia. Kwa kuwa aliyeuliza ni fundi baiskeli, nitamjibu kwa baiskeli. Mtu wa fiziotherapia anashughulika na chombo kiende: anakaza spoku, ananyoosha rimu, anahakikisha mnyororo hautoki. Mtu wa tiba kwa vitendo anakuuliza unakwenda nayo wapi, unabeba nini, na kama mguu mmoja haukanyagi tena, pedali tuifanyeje. Mfano huu una kasoro, maana mara nyingi hawa wawili hushika spana moja na kumhudumia mgonjwa mmoja kwa siku moja. Lakini swali la kwanza la kila mmoja ndilo linalowatofautisha.

Sasa nipeni muda kidogo nikae na kitu kimoja tu: mbuzi. Si wa kuchinja, ni hii ya kukunia nazi.

Chukua mama wa Kitanga aliyepatwa na kiharusi, mkono na mguu wa kulia vimelegea. Ametoka hospitali, anatembea kwa fimbo, ndugu wanasema amepona. Lakini hajakuna nazi tangu siku ile, na katika nyumba yake, asiyekuna nazi hana jiko. Anayekuna nazi anafanya nini hasa? Anakalia kibao kifupi kilicho karibu na sakafu, miguu imetanuka, uzito umeegemea mbele. Anashika kifuu kwa mikono miwili, anakizungusha huku anakisukuma na kukivuta juu ya meno ya chuma. Mkono mmoja unabana, mwingine unaongoza. Jicho linaangalia nazi inayodondokea sinia, sikio linasikiliza mlio, maana nazi inapokaribia kwisha mlio hubadilika na mkunaji hupunguza nguvu asije akakwangua ganda jeusi. Na vidole viko sentimita chache kutoka kwenye meno ya chuma. Kama mkono ule umekufa ganzi, mama atakatika na asijue mpaka aone damu kwenye sinia.

Ukitaka kumfundisha mwanafunzi amsaidie mama huyu, lazima kwanza awepo wa kumwambia misuli ipi inafunga kiganja na mshipa upi wa fahamu unaipelekea amri. Hiyo ni anatomia. Lazima awepo wa kumweleza kwa nini ubongo ulioumia upande wa kushoto unalegeza mwili upande wa kulia, na kwa nini huenda mama pia anatafuta maneno asiyapate, watu wakadhani amekuwa mkaidi. Yupo wa kumweleza huzuni inayomkuta mtu baada ya kiharusi, ambayo humfanya akatae hata kujaribu. Kisha kuna jambo lisilo la mwilini kabisa: mkwe ameshika jiko, na kumrudishia mama kazi yake ni kugusa mamlaka ya nyumba. Hilo utalijua kwa sosholojia, au kwa kukulia nyumba yenye wakwe. Mwisho anahitajika wa kumwonyesha namna ya kuinyanyua mbuzi ile, kuibana mezani kwa jiriwa, kukishikilia kifuu kwa kitu kisichoteleza, ili mkono mmoja mzima ufanye kazi ya miwili. Hapo umeshafika karakana ya seremala.

Wataalamu wenyewe huita zoezi hili uchambuzi wa kitendo, na ndio moyo wa masomo yao. Ukilielewa, ile ratiba ya mzee haikushangazi tena. Hakuna mtu mmoja aliyesomea yote hayo kwa kina. Kwa hiyo idara huwakusanya: wengine ni wataalamu wa fani yenyewe, wengine ni majirani walioazimwa kutoka idara nyingine za chuo.

Na mchanganyiko huu haukuanzia kwetu. Fani ilizaliwa nao. Tarehe 15 Machi 1917, kwenye mji mdogo wa Clifton Springs katika jimbo la New York, Marekani, walikutana watu sita kuanzisha chama cha kuieneza tiba hii. Daktari alikuwa mmoja tu, William Rush Dunton, wa magonjwa ya akili. Eleanor Clarke Slagle alitoka kwenye ustawi wa jamii. Susan Cox Johnson alikuwa mwalimu wa sanaa na kazi za mikono. Thomas Kidner, Mwingereza aliyehamia Canada, alisomea usanifu majengo na wakati huo alikuwa akishughulikia mafunzo ya kazi kwa askari waliojeruhiwa vitani. Isabel Newton alikuwa katibu muhtasi. Mwenyeji wao, George Edward Barton, naye alikuwa msanifu majengo, na zaidi ya hapo alikuwa mgonjwa: alikuwa na kifua kikuu, alikatwa sehemu ya mguu, kisha upande wake wa kushoto ukapooza. Alijirudisha kwa bustani na useremala, na nyumba aliyojitibia ndiyo waliyokutania.

Kwa hiyo anayeniambia mwalimu wa fani hii asiye daktari ni mwalimu pungufu, namrudisha kwenye kikao hicho. Uingereza shule ya kwanza ilifunguliwa Bristol mwaka 1930 na daktari Elizabeth Casson, lakini hata yeye, kabla ya udaktari, aliwahi kufanya kazi za ofisi kwenye miradi ya nyumba za maskini. Mwaka 1952 likaundwa shirikisho la dunia la wataalamu hawa. Mpaka leo shirikisho hilo ndilo linaloweka viwango vya chini vya mafunzo, kikiwemo kile ambacho mzazi anapaswa kukijua: mwanafunzi asihitimu kabla ya kutimiza angalau saa 1,000 za kazi na wagonjwa au na jamii chini ya usimamizi.

Mawazo makubwa ya fani nayo yaliletwa na walimu wenye miguu miwili kwenye mitumbwi miwili. Jean Ayres, aliyefungua macho ya watu kuhusu watoto ambao ubongo wao unapata tabu kupanga sauti, mguso na mizani ya mwili, alikuwa mtaalamu wa tiba hii aliyekwenda kuchukua uzamivu wa saikolojia ya elimu. Wazazi wa watoto wenye usonji leo wanakutana na matunda ya kazi yake hata kama hawajawahi kusikia jina lake. Gary Kielhofner, aliyeuliza kwa nini wagonjwa wawili wenye jeraha moja mmoja anainuka na mwingine anabaki kitandani, alianzia saikolojia na uzamivu wake ulikuwa wa afya ya jamii.

Ninayempenda mimi ni Michael Iwama, aliyezaliwa Japani na kukulia Canada. Yeye na wenzake wa Japani waliona nadharia za Kimagharibi zinamweka mgonjwa peke yake, kama kisiwa, wakati kwao mtu ni mtu wa watu. Wakaja na picha ya mto. Maji ni maisha ya mtu, mawe ni shida zake, kingo na sakafu ya mto ni familia na mazingira, na magogo yanayoelea ni tabia na mali zake, ambayo yanaweza kukwama yakazidisha shida au yakasukuma jiwe. Mtaalamu hutafuta mwanya ambao maji bado yanapita, akaupanua. Sisi tunaokunywa maji ya Mto Zigi, yanayoteremka kutoka Amani mpaka bwawa la Mabayani, hatuhitaji kufafanuliwa hilo mara mbili.

Tuje nyumbani. Hapa Tanzania, kwa miaka mingi fani hii ilifundishwa ngazi ya stashahada pale hospitali ya KCMC, Moshi. Shahada ya kwanza, kama ile ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, ni mgeni wa miaka ya karibuni. Fikiria maana yake kwa walimu. Chuo kikuu kinataka mwalimu awe na shahada iliyo juu ya anayoifundisha. Ngazi zenyewe ziko hivi: mwenye shahada ya kwanza huanza kama mkufunzi msaidizi, mwenye uzamili anakuwa mhadhiri msaidizi, mwenye uzamivu anakuwa mhadhiri, kisha mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa kwa utafiti na machapisho yake. Sasa aliyetoka Moshi na stashahada, akitaka kupanda ngazi hizo wakati nchini hakuna shahada ya fani yake, alikuwa na milango miwili: avuke mpaka, Afrika Kusini au Ulaya, akasome fani yenyewe, au abaki nchini achukue shahada ya jirani, afya ya jamii, elimu, saikolojia, menejimenti ya afya. Ndiyo maana ukisoma wasifu wa mwalimu ukakuta stashahada ya jambo hili na uzamili wa jambo lile, usidhani amepotea njia. Njia ndiyo ilikuwa hiyo.

Hasara ipo, na nitaisema. Mwalimu aliyekaa miaka kumi kwenye vitabu vya afya ya jamii anaweza kuwa bingwa wa takwimu huku mikono yake imesahau kutengeneza banzi. Banzi la mkono, kwa wasiojua, ni kifaa cha kuushikilia mkono katika mkao unaotakiwa, na hukatwa kwenye bamba la plastiki maalumu linalolainika kwenye maji ya moto wa nyuzi 65 hadi 70 hivi. Una dakika chache tu za kulikunja kwenye mkono wa mtu kabla halijagumu. Ukikosea, linambana kwenye mfupa na linamtoa kidonda. Ustadi huo hauingii kwa mhadhara. Kwa hiyo idara iliyo timamu haiangalii vyeti peke yake. Inaangalia pia nani bado anashika wagonjwa.

Na hapo ndipo wanapoingia walimu ambao majina yao hayamo kwenye ratiba kabisa. Zile saa 1,000 mwanafunzi hazifanyii mbele ya profesa. Anazifanyia hospitalini, kwenye shule yenye kitengo cha watoto wenye ulemavu, au kwenye mradi wa utengamao mtaani, yaani wa kumrejesha mgonjwa kwenye maisha yake, mbele ya mtaalamu ambaye pengine ana stashahada tu na hajawahi kuandika makala ya kitafiti. Lakini ndiye anayemfundisha namna ya kumkalisha mtoto mwenye mtindio wa ubongo ili ameze uji bila kupaliwa. Binafsi naamini hawa hawathaminiwi inavyostahili.

Ubobezi wa walimu nao hutofautiana kama madaktari wanavyotofautiana. Kuna wa mikono, wanaofuatana na wapasuaji wa mifupa. Kuna wa watoto, na wa wazee na kumbukumbu zinazopotea. Wapo wanaoshughulika na mahali pa kazi: kiti cha karani, mzigo wa kuli bandarini, mkao wa mama anayeshona cherehani siku nzima. Wapo wa viti mwendo, ambao watakukera kwa vipimo vya nyonga mpaka siku utakapomwona mtu mwenye kidonda cha mgongo kilicholetwa na kiti kisicho kipimo chake. Na wapo wa afya ya akili, na hapa lazima nirudi kwa yule bwana wa vikapu.

Hakudanganya. Mkoa wetu huu wa Tanga una Lutindi, kule milimani Korogwe, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoanzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na mpaka leo inajulikana kwa wagonjwa wake kushiriki kazi: mashamba, chai, karakana. Zamani duniani kote, kikapu na ufumaji vilikuwa sura ya fani hii. Tofauti ni swali linaloulizwa. Mgonjwa akipewa mkonge asuke ili siku ipite, hiyo ni shughuli. Lakini kama mtaalamu amechagua kusuka kwa sababu mgonjwa huyu hawezi kutulia zaidi ya dakika tano, akampa kipande cha dakika tano, kesho saba, akaandika, akapima, akaangalia kama sasa anaweza pia kukaa sokoni na kufuatilia chenji, hiyo ni tiba. Kikapu kinaweza kuwa kilekile. Mwalimu wa chuo kikuu analipwa kufundisha hiyo sehemu isiyoonekana.

Yule wa ajira naye ana chembe ya ukweli, maana kurudi kazini ni kitendo kimojawapo. Ila mtoto wa miaka mitatu hatafutiwi ajira, na yumo kwenye orodha ya wagonjwa. Kuhusu waliokosa alama za udaktari, nitasema tu kwamba anatomia anayoisoma binti huyu haina toleo jepesi. Mkono, kuanzia kifundo hadi ncha za vidole, una mifupa 27 kwa kila anayeusoma.

Limebaki lile "Dk." ambalo ndilo lilimsumbua mzee. Kwa Kiswahili chetu cha kila siku daktari ni anayetibu. Chuoni, Dk. mbele ya jina huweza kumaanisha mtu aliyetetea tasnifu ya uzamivu, iwe ni ya historia, samaki au saikolojia. Wote wawili wana haki ya cheo chao. Kwenye idara hii utawakuta wote: Dk. wa tiba anayekuja kufundisha magonjwa kwa vipindi vichache, na Dk. wa uzamivu ambaye hana ruhusa ya kukuandikia hata panadoli. Ukitaka kujua ni yupi, soma kinachofuata jina lake, si kinachotangulia.

Nilimpelekea mzee haya yote jana jioni, kwa mdomo kabla ya maandishi, na nikamwambia kama ana wasiwasi na chuo, binti aulize mambo matatu. Anayeongoza programu ni mtaalamu wa fani yenyewe? Zile saa 1,000 zitafanyikia wapi na chini ya nani? Na walimu wangapi bado wana siku yao ya kliniki?

Akasikiliza, akafungua tena ratiba. Akaweka kidole kwenye Jumatano. Kipindi cha stadi za maisha ya kila siku, cha muda wa saa mbili, halafu vitendo mchana.

"Saa mbili nzima wanafundishwa nini hapa?"

Nikamwambia mara nyingi huanza na zoezi dogo: mwanafunzi anaambiwa mkono wake wa kulia umekufa, avae.

Akacheka. Kisha akauweka mkono wa kulia mapajani, akafungua vifungo vitatu vya shati lake, akaanza kuvifunga kwa wa kushoto. Cha kwanza kiliingia baada ya kuhangaika. Cha pili kilikataa. Alijaribu kukibana kwa kidevu, kitambaa kikamponyoka. Kijiwe kizima kilikuwa kimeacha bao kinamtazama, kahawa inapoa, na mtu mzima aliyenyoosha rimu miaka hamsini anatokwa jasho kwa kifungo.

"Huyu mwalimu wa Jumatano," akasema bila kuinua macho, "ndiye yupi kati ya hawa?"